Kuhamia Tangi Kubwa la Samaki na Mimea: Anza na Stendi, Maliza na Sponji Chafu

Tangi langu la kwanza kubwa lilikufa kwa usafi. Nilikuwa na la lita 60 lililotulia vizuri mwaka mzima, nikanunua la lita 120, na asubuhi ya kuhama nikaosha kila kitu kwa maji ya bomba: changarawe, mawe, hata sponji ya filta. Sponji niliikamua mpaka ikarudi rangi yake ya bluu ya dukani. Mama, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga, alisifu. Siku ya nne samaki walikuwa juu ya maji wanahema. Siku ya sita nimebaki na konokono.

Nilichokiosha ndicho kilichokuwa kinawaweka hai. Kinyesi cha samaki na chakula kinachosalia hutoa amonia, ambayo ni sumu. Ule utelezi wa kahawia ndani ya sponji ni makazi ya bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huila. Bakteria hao hawaelei ovyo majini; wengi wameng'ang'ania kwenye sponji, mchanga na mawe. Klorini ya bomba huwaua. Kundi jipya, likianza bila mbegu, huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na samaki hawana wiki 4.

Kwa hiyo ukiona tangi jipya linang'aa sebuleni kwa mtu, jua kilichohamishwa hasa ni uchafu. Ninaloeleza hapa ni tangi nililo nalo sasa, la sentimita 120 kwa 45, kimo 50, yaani lita 270 ukilijaza mpaka ukingoni. Lako likiwa dogo, punguza hesabu. Utaratibu ni uleule.

Hatua ya 1: Chagua ukuta kwanza

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hapo hakuna punguzo. Maji ya tangi hili, ukitoa nafasi ya mchanga na ya juu, ni kama kilo 230. Kioo cha milimita 10 ni kilo 55. Udongo na mchanga, kilo 60. Mawe na gogo, kilo 15. Stendi ya chuma, kilo 40. Jumla kilo 400: watu wazima sita wamebanana kwenye eneo dogo kuliko kitanda cha mtoto, na hawaondoki hata usiku.

Nyumba ya chini yenye sakafu ya zege haitatingishika. Ghorofani ni habari nyingine. Weka tangi limeegemea ukuta unaobeba jengo, karibu na nguzo, usiliweke katikati ya chumba wala barazani, na kabla ya kulinunua muulize mtu anayelijua jengo hilo, mhandisi au fundi aliyelijenga. Asipokuwa na uhakika, chukua tangi dogo.

Kama sakafu ni ya vigae, chukua sarafu uvigonge kimoja kimoja pale miguu itakaposimama. Kigae kilichoshika saruji chini hulia kifupi, kizito. Kilicho wazi chini hulia kama kopo. Mguu wa stendi ukikaa juu ya hicho cha pili, siku moja utasikia mlio mwingine.

Jua la dirishani lisiligonge tangi moja kwa moja, maana litakulimia mwani. Soketi iwe pembeni, si nyuma ya maji, na kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenda kuchomekwa, ili tone likitembea juu ya waya lidondokee sakafuni. Halafu jiulize swali ambalo wengi hulisahau: bomba liko wapi? Kila wiki utabadilisha kama lita 60, yaani ndoo tatu za lita 20 za kutoka na tatu za kuingia. Fikiria nani atazibeba.

Hatua ya 2: Stendi

Stendi yangu ilinigharimu kuliko tangi lenyewe, na sijutii. Nilikwenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na mchoro wa penseli kwenye karatasi ya daftari. Fundi wa kuchomelea aliugeuza huku na huku.

"Dada, hapa juu unaweka nini? Jenereta?"

"Samaki."

"Samaki gani hao, nyangumi?"

Alitaka kunipunguzia gharama kwa kutumia bomba jembamba na miguu minne iliyounganishwa kwa ubavu. Tulibishana, kwa heshima, kama nusu saa. Alichonitengenezea ni bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene wa chuma milimita 2, miguu sita, kimo sentimita 75. Kwenye bei nilikubali kupigwa kidogo; kwenye mambo matatu nilikataa.

La kwanza: fremu ya juu ilale juu ya miguu. Mara nyingi mafundi huunganisha bomba la mlalo kwenye ubavu wa mguu, na hapo uzito wote unaning'inia kwenye weldi. Weldi ya kona moja ikiwa na kasoro, kona hiyo inashuka, na kioo hakijui kupinda. Bomba likikalia kichwa cha mguu, chuma kinabeba na weldi inashikilia tu lisisogee. Kwa stendi ya mbao kanuni ni hiyohiyo: boriti ikae juu ya mguu, skrubu zisibebe kitu. Mninga unafaa sana, na msonobari uliokauka vizuri unatosha.

La pili: kunyooka. Moto wa weldi hukunja chuma. Mwombe fundi ashike kona zote kwa nukta kwanza, apime, ndipo ajaze. Kupima ni kazi ya futi peke yake: toka kona hadi kona kwa mshazari, kisha mshazari wa pili. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko mraba. Kisha nyosha uzi juu ya fremu kwa urefu na kwa mshazari. Mwanga ukipita chini ya uzi katikati, pana bonde, na ni halali yako kumrudishia.

La tatu: viatu. Chini ya kila mguu achomelee kibati cha sentimita 10 kwa 10, nawe utie kipande cha mpira chini yake. Bila kibati, zaidi ya kilo 60 zitasimama juu ya mdomo mwembamba wa bomba.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Ncha zote za mabomba zizibwe, rangi ya kuzuia kutu ipakwe mara mbili hata sehemu zisizoonekana, ndipo rangi ya mafuta. Juu ya fremu weka plaiwudi ya milimita 18 iliyopakwa rangi pande zote, pamoja na kingo. Usikubali ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, wa makabati ya bei rahisi. Ukinywa maji unavimba kama andazi. Juu ya plaiwudi tandika shiti la povu la milimita 5 hadi 10. Mkeka wa mazoezi ya viungo unafaa kabisa. Povu humeza chembe ya mchanga au kichwa cha skrubu ambacho kingekuwa ncha ya kukipasulia kioo. Ila tangi likiwa na fremu ya plastiki chini, povu halihitajiki, kwa kuwa fremu ndiyo inayokaa.

Mwishoni, pimamaji. Sakafu nyingi zina mteremko, na stendi ikiinama hutiwa kabari chini ya miguu. Usitie kabari kati ya ubao na kioo, hata iwe karatasi tu.

Hatua ya 3: Kioo

Tangi la dukani likipatikana, nunua. Ukilitengenezesha kwa fundi vioo, kwa kimo cha sentimita 50 dai milimita 10, na juu pawe na mikanda ya kioo inayofunga mbele na nyuma, maana urefu wa sentimita 120 hutanuka tumboni. Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka, isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuua kuvu. Iache wiki nzima.

Jaribio lifanye nje, kwenye sakafu iliyosawazishwa, juu ya povu, gazeti kavu limezungushwa chini ya kingo zote. Jaza, subiri saa 48, soma gazeti. Alama ya unyevu itakuonyesha kona inayovuja. Baada ya hapo suuza kwa maji matupu. Sabuni haiingii kwenye kazi hii, si leo wala mwakani.

Hatua ya 4: Yajue maji yako

Ya bomba huwa na klorini. Kwenye chombo kilicho wazi klorini hupotea yenyewe kwa siku moja hivi, mapema zaidi ukiyapulizia hewa. Au tumia matone ya kuondoa klorini ya duka la samaki, ufuate kipimo cha chupa. Ikiwa mji wako unatumia kloramini badala ya klorini, kusubiri hakusaidii, ni matone tu. Chombo cha kusubirishia ukifunike kwa kipande cha chandarua kuukuu. Hewa itapita, mbu hatapita. Wakazi wa Dar es Salaam tulioiona dengi ya 2014 na ya 2019 hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Ya kisima, onja. Maeneo mengi karibu na bahari visima vina chumvi, na mimea mingi itakugomea. Kujua kama maji ni magumu huna haja ya maabara: tazama ndani ya birika. Ukoko mweupe ukiwa mnene, na sabuni ikikataa kutoa povu, maji yako yana chokaa nyingi. Hilo si baya. Chagua samaki wanaoyapenda, kama gapi, moli na plati, uache kupigana na maji ya mtaa wako. Ya mvua ni laini mno yakiwa peke yake, changanya.

Joto: Dar na Mombasa hutahitaji hita. Februari utahitaji kinyume chake, feni ndogo ikipuliza uso wa maji. Maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubaki 7 na nusu, na samaki kwenye joto huhema zaidi. Nairobi na Arusha, miezi ya Juni hadi Agosti, hita ni lazima.

Hatua ya 5: Sakafu ya tangi

Ninatumia njia ya udongo uliofunikwa mchanga, ile iliyopata umaarufu kupitia kitabu cha Mmarekani Diana Walstad cha 1999. Ni rahisi, na inafaa kwetu ambao udongo maalumu wa madukani unatufikia kwa bei ya kuagizia.

Chota udongo wa kawaida wa bustani ambao haukutiwa samadi wala mbolea ya chumvichumvi. Uloweke, mwaga vinavyoelea, uanike, uloweke tena, uanike tena, mara tatu au nne, kisha uchekeche. Kazi hii inaondoa sehemu ya amonia ambayo ingetoka baadaye ndani ya tangi. Tandika sentimita 2 na nusu, zisizidi. Ukitandika nene, chini huoza bila hewa na kutoa gesi ya yai viza. Juu yake mchanga sentimita 3 hadi 4.

Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni umejaa vipande vya simbi, na simbi ni chokaa. Kujua, kamulia ndimu juu ya kiganja cha mchanga: ukitoa povu, urudishe ulikotoka. Mchanga nao huoshwa mpaka mkono uchoke. Mimi nilitumia ndoo kumi na nne za maji, nikasimama nilipoweza kuona chini ya beseni. Mfuko mmoja wa kilo 50 ulitosha, na maji ya kuoshea nilimwagia migomba.

Gogo langu ni tawi kavu la mpera, limechemshwa mara tatu na kulowekwa wiki mbili mpaka likaacha kuelea. Msikate mikoko. Inalindwa na sheria, na hata iliyoanguka ina wenyewe: kaa. Maji yakiwa na rangi ya chai ya rangi kwa mwezi mmoja, ni gogo linatoa tanini, hakuna ubaya.

Na tukiwa hapo, tazama chini ya ule mkungu wa mtaani kwenu. Majani yale makubwa yaliyogeuka mekundu na kuanguka, ambayo kila asubuhi yanafagiliwa na kuchomwa, wafuga samaki wa Ulaya na Marekani huyanunua kwenye pakiti, majani kumi kumi. Okota yaliyokauka kahawia, mbali na moshi wa magari, yaoshe, uyaanike, uweke mawili au matatu. Kamba na samaki wadogo hujificha chini yake na kuparua ukoga unaoota juu.

Hatua ya 6: Mimea, tena mingi, siku moja

Kosa la wengi ni kupanda vijiti vitano na kusubiri vijae. Wakati unasubiri, mwani hausubiri. Siku ya kwanza funika angalau nusu ya sakafu. Baadaye utang'oa.

Bara hili limetoa mimea bora ya wavivu. Anubias, ya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, imepewa jina la Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale, kwa kuwa huota gizani. Ndiyo maana huvumilia taa hafifu. Bolbitis, kangaga la vijito, ni ya ukoo huohuo wa uvumilivu. Zote mbili usizifukie. Lile shina nene lililolala likizikwa mchangani linaoza. Lifunge kwa uzi kwenye gogo au jiwe. Vallisneria, yenye majani kama utepe, huota Tanganyika na maziwa mengine yetu, na kwenye maji magumu hutambaa kama kikoka. Kwa mwezi wa kwanza uwe na Ceratophyllum inayoelea, isiyo na mizizi: hukua haraka na kunywa amonia kabla mwani haujaipata.

Usiingie ziwani wala bwawani kuchuma mwenyewe. Konokono wa humo hubeba kichocho, na ruba nao wapo. Mimea ya kupewa na rafiki iloweke kwenye maji ya shabu, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4, siku mbili, kisha isuuze sana. Mayai ya konokono hayapendi shabu. Ya kutupa yakaushe juani kwanza. Gugumaji la Ziwa Victoria lilikuwa pambo la mabwawa ya watu kabla halijawa balaa la wavuvi.

Kupanda: tia maji sentimita 10 tu, ukiyamwagia juu ya sahani ili mchanga usichimbike. Kwa bana ndefu shika kishina karibu na mzizi, choma kwa mshazari, vuta juu kidogo. Ukimaliza, jaza taratibu juu ya sahani ileile. Hapo tangi likiwa na maji kiasi, pima kwa futi kimo cha maji kutoka ukingo wa juu kwenye kila kona. Hakuna pimamaji iliyo mkweli kuliko maji yenyewe. Tofauti ya milimita 1 au 2 iache. Ikizidi, punguza maji urekebishe kabari za miguu sasa hivi, siyo likijaa.

Hatua ya 7: Mwezi wa matangi mawili

Hapa ndipo subira inapouma. Tangi jipya limejaa, kijani, na samaki bado wako kwenye la zamani, ambalo umelisogeza kwenye meza pembeni. Waache huko wiki 4. Udongo mpya hutoa amonia wiki za mwanzo. Mimea na bakteria wa kwanza wataila, samaki wangeivuta kwa matamvua.

Katika mwezi huo fanya mambo mawili. Filta mpya ifunge kwenye tangi la zamani, ifanye kazi sambamba na ile kuukuu, ivae utelezi. Ukiwa huna nafasi, kamulia sponji ya zamani ndani ya tangi jipya mara moja kwa wiki. Maji yatakuwa kama ya mfereji kwa saa moja. Vumilia. Jambo la pili, badilisha maji ya tangi la zamani theluthi moja kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki mbili za mwisho. Tangi kuukuu hukusanya nitrati na chumvi polepole, samaki wanazoea bila wewe kujua. Ukiwatoa humo ghafla na kuwatia kwenye maji mapya, mshtuko huwaua hata kama maji mapya ndiyo mazuri.

Taa ya tangi jipya iwashe saa 6 kwa siku, kwa soketi ya taima. Mimea haijui saa ya ukutani, kwa hiyo yangu huwaka saa 11 jioni mpaka saa 5 usiku, ninapokuwa nyumbani. Majani ya kwanza yatanyauka, kuna vumbi la kahawia litakaa kwenye kioo. Vyote viwili vitapita. Wapo watakaokuambia pia utie hewa ya ukaa kwa chupa ya sukari na hamira. Inafanya kazi kweli, nimejaribu, ila kwa joto la Dar chupa ilichachuka siku mbili, sebule ikanuka kama kilabu cha mnazi, na kwa mimea niliyoitaja haina ulazima.

Hatua ya 8: Siku ya kuhama

Jana yake usiwalishe. Jumamosi, saa 3 asubuhi, ndoo ziwe tayari, ambazo hazijawahi kushika sabuni.

Chota lita 40 za maji ya zamani ziingie kwenye ndoo mbili. Usiwakimbize samaki na wavu kwenye tangi lililojaa; punguza maji mpaka yabaki sentimita 10, toa mawe, ndipo uwachote. Funika ndoo, tia jiwe la hewa. Usikoroge changarawe ya zamani kabla samaki hawajatoka.

Filta iwe ya mwisho kuzimwa. Sponji itoke ndani ya maji ya zamani, kwenye beseni, ikiwa chafu vilevile, na ndani ya dakika chache iwe kwenye filta ya tangi jipya, maji yanapita. Bakteria hao wanahitaji oksijeni kama sisi. Wakikaa saa kadhaa kwenye sponji isiyopitiwa na maji huanza kufa, na maiti zao nazo ni amonia.

Sasa samaki. Kila dakika 5 wamwagie kwenye ndoo kikombe kimoja cha maji ya tangi jipya, kwa saa nzima. Ndoo ikikaribia kujaa, punguza, endelea. Kisha wahamishe kwa wavu, maji ya ndoo uyamwage nje. Taa isiwake siku hiyo. Watakaa kona moja wamebanana kama abiria wa daladala, ingawa wamepata jumba. Kesho watatoka.

Changarawe ya zamani ibaki mwisho. Itanuka.

Hatua ya 9: Wiki sita za kwanza

Kila siku ya wiki ya kwanza pima amonia na nitriti kama una matone ya kupimia. Zote zinatakiwa sifuri. Ikionekana hata robo miligramu kwa lita, badilisha theluthi ya maji, punguza chakula nusu. Kama huna matone, soma samaki: wakihema juu, matamvua yakiwa mekundu, mapezi yamekunjwa, badilisha nusu ya maji kwanza, maswali baadaye.

Lisha kidogo, mara moja kwa siku. Mwani ukitokea, punguza taa saa moja, usikimbilie dawa. Majani mapya yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, mmea unalilia chuma. Majani ya zamani yakitoboka, ni potasiamu.

Nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujaihitaji. Umeme wangu wa Luku uliisha saa 8 usiku, kwa uzembe wangu, nikashtuka alfajiri kwa ukimya wa filta. Samaki walikuwa juu. Mimea usiku hutumia oksijeni kama wao, na maji yalikuwa nyuzi 29. Pampu ya betri ilinikopesha saa tatu mpaka duka la vocha lilipofunguliwa. Kabla ya kuwasha filta iliyolala muda mrefu, ifungue unuse. Ikinuka uozo, suuza sponji kwa maji ya tangi, mwaga yaliyotuama, ndipo uwashe.

Samaki wapya waongeze kuanzia wiki ya nne, wachache wachache, na kwanza wakae wiki mbili kwenye tangi lako la zamani, ambalo natumaini hukuliuza. Ndani yake niliacha kipande cha ile sponji. Samaki wa dhahabu na perege usiwatie kwenye bustani hii. Mmoja anakula, mwingine anachimba. Ukipenda cha nyumbani, Unguja ina Nothobranchius guentheri, samaki wa vidimbwi vya mvua, dume lina mkia mwekundu. Huishi chini ya mwaka, na mayai yake hulala kwenye tope kavu mpaka mvua irudi. Huyo hataki jumba la lita 270. Mpe lile dogo.

Wiki ya sita rudi na futi kwenye kona nne. Stendi mpya na povu hukaa kwa kushuka. Langu, upande wa dirishani, lilikuwa limeteremka milimita 1. Niliandika tarehe kwa penseli nyuma ya mguu, nikaliacha.